Wapangaji Tuliowakuta Ndani ya Simu ya Mama

Mama alinipigia kwa simu ya jirani, Jumapili moja ya Machi 2022, na hakusubiri hata shikamoo yangu. "Hiyo simu yako imeniaibisha," akasema. Simu niliyomnunulia ni yake siku anapowaonyesha wenzake. Ikileta balaa, inarudi kuwa yangu.

Alikuwa kwenye khitma ya jirani, pale pale Korogwe. Akaitoa simu mkobani aangalie saa. Kabla hajaiona, kioo chote kikajaa tangazo la mchezo wa bahati nasibu, sarafu za dhahabu zinamwagika, muziki umefunguliwa hadi mwisho, na maalimu yuko katikati ya dua. Mama akaitafuta ile iksi ya kufungia tangazo, kialama kidogo kama punje ya mchele kilichojibanza pembeni. Akakikosa, akagusa tangazo lenyewe, ukafunguka ukurasa mwingine wenye muziki zaidi.

"Ukafanyaje?"

"Nikaikalia, mwanangu. Mbele za watu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia awe anazima data akienda kwenye shughuli za watu. Ushauri wa kivivu, na niliujua uvivu wake wakati ule ule naoutoa.

Simu yenyewe niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, Desemba 2021, kwa shilingi 185,000 pamoja na kava na protekta. Kampuni siitaji, maana simu za namna hiyo zimejaa meza nzima. Boksi liliandikwa GB 16. Kijana wa dukani aliiwasha, akaweka laini ya mama, akasema, "Nakufungulia na Gmail kabisa dada, usihangaike." Akapita kwenye kurasa za mwanzo akibonyeza Kubali, Kubali, Endelea, kasi ya mtu anayehesabu noti. Nakumbuka ukurasa mmoja ulikuwa na orodha ya programu "zinazopendekezwa", kila moja imeshawekewa tiki. Ungeweza kuziondoa tiki zile kabla ya kuendelea. Hakuziondoa, nami sikumwambia aziondoe, kwa kuwa nilikuwa nawahi gari la Mbagala. Hiyo Gmail nayo iwekeni akilini, nitairudia.

Mama ni katibu wa kikoba cha akina mama kumi na nane. Sanduku lao lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Mama hana ufunguo hata mmoja, yeye ni wa daftari. Alipopata simu akajianzishia utaratibu ambao hakuna aliyemfundisha: kila Jumamosi wakimaliza kuhesabu hisa chini ya mwembe, anaufungua ukurasa wa siku hiyo, anaupiga picha, ndipo analifunga daftari. Mimi mwenye cheti cha uhasibu sikuwahi kumshauri kitu cha maana namna hiyo.

Malalamiko yake ya kwanza yalikuwa ya bando. Bando la wiki la shilingi 2,000 lilikuwa linakata siku ya tatu. Nikamshuku kuwa anaangalia video usiku, na nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayelipa. Akanyamaza. Baadaye yakaja ya hifadhi: picha za wajukuu haziingii, WhatsApp inagoma kupokea sauti, simu inaandika hifadhi imejaa. Nikamjibu kwa ujumbe mfupi nikiwa kwenye daladala: Futa usivyotumia.

Nilikwenda Korogwe Idi ya mwezi wa tano. Jioni ya pili, tumekaa ukumbini, akaniambia kama jambo dogo kwamba alimlipa mwenzake mmoja wa kikoba shilingi 10,000 za mfukoni mwake. Mama yule alidai wiki moja ya Machi aliweka hisa tano, daftari likasomeka tatu, na ukurasa huo ulikuwa umemwagikiwa chai hivyo hata hiyo tatu ilikuwa ya kubahatisha. Hisa moja kwao ni 5,000.

"Si ulikuwa na picha?"

"Nilifuta. Ulisema nifute."

Nikaichukua simu. Picha zote za daftari, tangu Januari, hazipo. Nikamuuliza kwa nini alianza na zile badala ya ile michezo. Akanionyesha, kwa utulivu kabisa. Alibonyeza mchezo wa kwanza, ukakataa kutoka. Wa pili, ukakataa. Kile cha habari, kikakataa. "Ikawa hakuna kinachokubali kufutika ila vyangu," akasema. "Kwani mwenye simu ni mimi au ni wao?"

Usiku ule tulihesabu, mimi naye, yeye akishika karatasi. Programu zenye alama usoni mwa simu zilikuwa 43. Tulizoziomba sisi zilikuwa tatu: WhatsApp, ya kutumia pesa na ya redio. Vivinjari vilikuwa vitatu, na mama alikuwa anatumia kimoja, kile kilichokaa karibu na kidole. Kulikuwa na duka la pili la programu, mbali na lile la kawaida, lililokuwa na ruhusa ya kuingiza programu nyingine bila kuuliza mtu. Michezo minne. Hali ya hewa mbili, ambazo siku ile moja ilisema mvua na nyingine jua. Na kulikuwa na kile kinachojiita kisafishaji, ambacho kila asubuhi kilimpigia mama kengele kwamba simu yake iko hatarini, kikamwomba abonyeze "Safisha", kikasafisha hewa, kisha kikamwonyesha tangazo. Chenyewe kilikuwa kimekalia zaidi ya MB 300.

Simu ya mama iko kwa Kiswahili, na pale nikajifunza tofauti ya maneno mawili niliyokuwa nayapita tu. Ukifungua Mipangilio, ukaingia kwenye Programu na kugusa jina la programu, utakuta kitufe. Kama kimeandikwa "Sanidua", programu hiyo inatoka, kwaheri. Kama kimeandikwa "Zima", haitoki, inalazwa. Na zipo ambazo kitufe kimefifia rangi ya kijivu, ukibonyeza hakuna kinachotokea. Programu 11 zilikuwa na Sanidua, kumbe mama angeweza kuziondoa tangu mwanzo, ila alizianza zile ngumu na akakata tamaa mapema. Nyingi zilizobaki zilikuwa za Zima. Chache zilikuwa za kijivu, na kati ya hizo lilikuwemo lile duka la pili.

Tangazo la khitmani tulilinasa kwa kuvizia. Kuna mtu alishaniambia kwamba tangazo likitokea ghafla usikimbilie iksi, bonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa, kile cha mraba, uone juu ya kadi limeandikwa jina la nani. Tukaiweka simu juu ya mkeka tukaendelea kumenya viazi. Baada ya kama robo saa likalipuka. Mraba. Jina lililotokea ni la hali ya hewa, ile iliyosema jua. Mama alikasirika kweli kweli, nadhani kwa sababu alikuwa anaiamini ile kuliko mwenzake.

Nilimwachia kitochi changu, nikaondoka na simu yake kwenda Dar.

Fundi wa kwanza aliitazama nusu dakika akasema inataka kuflashiwa, yaani kuwekewa mfumo upya, 15,000. Nikakubali. Ikarudi nyepesi, ila ile Gmail ya Aggrey bado imo, na programu zake zote palepale zilipokuwa, na zile 11 nilizoziondoa kwa mkono wangu nazo zimerudi. Nilirudi kwake na hasira na akanijibu kitu ambacho kumbe ni kweli: "Dada, mimi nimeurudisha mfumo ulivyotoka kiwandani. Ilitoka kiwandani hivyo."

Aliyenifumbua macho ni fundi mwingine, kijana wa Rangi Tatu mwenye laptopu iliyopasuka kona. Alinieleza huku anabandika kioo cha simu ya mtu mwingine. Ndani ya simu kuna sehemu ya mfumo, ambayo mtumiaji anaruhusiwa kusoma tu, haandiki wala hafuti, na kuna sehemu ya mtumiaji, ambako ndiko picha na WhatsApp vinakaa. Mtengenezaji anaweka programu za wageni wake kule kwenye mfumo. Ndiyo maana hazifutiki. Ubaya unazidi zikisasishwa: ile ya kiwandani inabaki kwenye mfumo, na toleo jipya linakuja kukaa upande wako. Programu moja, nakala mbili, na ya pili inakula nafasi ya picha zako. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza Zima, aliniambia, gusa vidoti vitatu vya juu uondoe masasisho kwanza. Programu inarudi ilivyokuwa kiwandani na sehemu yako inapumua. Kwa simu ya mama, njia hiyo peke yake ilirudisha karibu GB 1.4.

"Na kwa nini wanaziweka?"

"Wanalipwa. Simu ya bei hii faida yake ndogo. Wewe umelipa laki na kitu dukani, nyingine unalipa kwa bando kidogo kidogo."

Nilimwona kama anatia chumvi. Baadaye nikasoma na kukuta alikuwa amenipunguzia. Mwaka 2019 watafiti wa Madrid walichambua programu zaidi ya 82,000 zilizokuja na simu, kutoka simu zaidi ya 1,700 za watengenezaji 214, wakaonyesha jinsi mtengenezaji, kampuni za simu na wafanyabiashara wa matangazo walivyoungana humo ndani kwa mikataba ambayo mnunuzi haioni popote. Mwaka huo huo Google yenyewe ilieleza jinsi kirusi kinachoitwa Triada kilivyoingia kwenye simu zikiwa bado hazijauzwa: mtengenezaji anataka simu yake ifunguke kwa kutambua uso, kazi hiyo hana mtu wa kuifanya, anaupeleka mfumo mzima kwa kampuni ya nje, na unaporudi una jambo la kutambua uso pamoja na mwizi. Mwezi wa nane 2020 ikatoka taarifa kwamba simu za bei nafuu zilizouzwa Afrika Kusini, Ethiopia, Ghana, Kamerun na Misri zilikutwa na Triada hiyo pamoja na mwenzake xHelper tangu zikiwa kwenye boksi, zikijaribu kuwaunga wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Sisemi ya mama ilikuwa nayo. Ya mama ilikuwa na kero za kawaida zenye leseni. Lakini tangu hapo nimeacha kumcheka mtu anayesema vocha yake inaliwa.

Yule kijana wa Rangi Tatu akanionyesha na njia ya zile za kijivu. Unaingia Kuhusu simu, unagonga nambari ya muundo mara saba, inakwambia sasa wewe ni msanidi programu (nilijisikia vizuri kidogo), unawasha utatuzi wa USB, unaunganisha na kompyuta, na kwenye kompyuta unatumia programu ya kuipa simu amri, inayoitwa adb. Amri yake ni mstari mmoja: pm uninstall --user 0, halafu jina la ndani la programu, lile refu ambalo mara nyingi huanza na com na nukta. Hiyo sifuri ndiyo siri yote. Mtumiaji namba sifuri ni wewe mwenye simu. Programu haifutwi kwenye mfumo, ila kwako wewe inahesabika haipo: haionekani, haiamki, haili bando. Hakuna kuruti simu, yaani kuvunja ulinzi wa mfumo ili uuguse, na dhamana haiguswi kwa namna ile ya kuruti. Akaniondolea duka la pili mbele ya macho yangu. Neno moja likatokea, Success, basi.

Kuona vile nikajua kazi yote naiweza.

Nyumbani, usiku, kwa laptopu ya ofisini, niliitoa orodha ya majina yote ya ndani. Yalikuwa zaidi ya 200. Nikaanza kwa adabu, na michezo, kisafishaji, hali ya hewa zote mbili. Success. Success. Kuna utamu katika jambo lile ambao nadhani ndio wanaoupata wafyekaji. Kufika saa sita nilikuwa siulizi tena. Jina lolote lenye jina la mtengenezaji ndani yake nilikuwa naling'oa. Kisha nikaizima simu niiwashe upya nione ilivyo nyepesi.

Ikaonyesha nembo. Ikazima. Ikaonyesha nembo. Ikazima. Nikaiacha mezani nikaenda kuoga, nikarudi, bado inaonyesha nembo na kuzima.

Sikulala vizuri. Asubuhi kijana wa Rangi Tatu alicheka hadi akaweka bisibisi chini. Akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti na cha kuwasha kwa pamoja, ikatokea menyu nyeusi, akachagua kufuta data yote. Dakika chache simu ikawaka kama mpya. Na ndani yake, kama nilivyokuja kuona baadaye, programu zote ilizokuja nazo kutoka kiwandani, duka la pili, kisafishaji, na ile niliyoing'oa bila kuijua ambayo simu ilikuwa haiwezi kuamka bila yake. Hazikuwa zimetoka hata siku moja. Kule kutofutika kulikoninyima usingizi miezi yote ndiko kulikoiokoa simu ya mama, na sikujua nishukuru au nitukane.

Ila simu haikufunguka. Iliomba akaunti ya Google iliyokuwa humo kabla. Ni kinga dhidi ya wezi, ipo kwenye Android tangu 2015, na ni kinga nzuri, isipokuwa kwamba akaunti ile ilifunguliwa na kijana wa Aggrey, na neno la siri alibaki nalo yeye, kama alilikumbuka hata dakika tano. Nilikwenda. Meza ilikuwa na kijana mwingine anauza chaja. Kilichotuokoa ni kwamba yule wa mwanzo aliandika namba ya mama kama namba ya kurejeshea akaunti. Laini iko Korogwe, kwenye kitochi. Nikampigia mama, nikamwambia utaingia ujumbe wenye tarakimu, nisomee. Akakataa. Akasema walitangaziwa kwenye redio wasimsomee mtu yeyote namba za kwenye ujumbe, hata mtu huyo akijifanya ni mtoto wako.

"Mama, ni mimi."

"Wote wanasema hivyo."

Ikabidi nimtajie jina la mbuzi wetu wa mwaka 1998. Ndipo akasoma. Tukabadilisha neno la siri, simu ikagoma kwanza, kesho yake ikakubali.

Safari hii nilikwenda polepole. Nikaondoa masasisho, nikazima zinazozimika, na kwa adb nikatoa saba tu, moja moja, nikiiwasha upya simu baada ya kila moja, na kila jina nikiliandika kwenye karatasi kabla ya kuligusa ili nikikosea niirudishe kwa amri ya kinyume. Jina nisilolielewa nililiacha. Nilipoipeleka Korogwe ilikuwa na nafasi ya GB 7 na kitu. Bando la wiki linafika Jumapili, mara nyingine linabaki. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya video za usiku. Akasema hakumbuki, maana yake anakumbuka.

Picha za daftari sasa anaziweka pia kwenye kundi la kikoba la WhatsApp, kila Jumamosi, hivyo ziko kwenye simu za wenzake kadhaa. Hilo nalo alilianzisha mwenyewe. Zile 10,000 hakudai zirudishwe.

Nasikia Korea Kusini ilishawataka watengenezaji tangu 2014 waache programu zisizo za lazima zifutike, na Ulaya tangu Machi 2024 sheria inawabana wakubwa wa teknolojia vivyo hivyo. Nimefurahi kwa niaba yao. Kariakoo mimi siku hizi nikimsindikiza mtu kununua simu, naomba iwashwe kabla hatujalipa, naingia kwenye Hifadhi nasoma kilichobaki, sisomi boksi. Kurasa za Kubali nabonyeza mwenyewe, na Gmail nafungua mwenyewe. Vijana wa meza hawanipendi.

Wiki iliyopita mama alipiga, kwa simu yake.

"Simu imejisasisha usiku. Yule wa hali ya hewa karudi."

"Umemfanyaje?"

"Nimemwondolea masasisho, nimemzima. Kaja na mwenzake, jina lake limeandikwa Kichina, simfahamu. Huyo sijamgusa, nimemwacha mpaka uje."